Gari kushinda rali ndiyo dhamana kwamba halitakusumbua? Tujadili kabla kijana hajanunua STI

#1 Mwanzisha uzi (Dar)

Wakuu, habari za jioni.

Kijana wa dada yangu amejikusanyia hela ya gari, na hataki kusikia kitu kingine zaidi ya Subaru Impreza WRX STI. Nikamuuliza kwa nini. Jibu lake la kwanza: "Mjomba, hii ilikuwa bingwa wa dunia." Nikamuuliza tena, hiyo unayoiona kwenye tangazo ndiyo iliyokuwa bingwa? Akakaa kimya. Nami sikumbana zaidi, kwa sababu miaka michache iliyopita nilinunua gari kwa sababu hiyo hiyo.

Chapa ya gari langu sitaitaja, maana lililotokea si kosa la aliyelitengeneza. Lilikuwa la tabo (turbo), lenye jina kubwa kwenye rali, nililichukua kwa mtu hapa hapa mjini. Wiki tatu nilikuwa mtu mwenye furaha sana. Wiki ya nne natoka Morogoro, nimeshaipita Chalinze, nikaanza kusikia mlio chini ya boneti kama mtu anagonga mlango kwa kifundo cha kidole. Nikiongeza mwendo unaongezeka, nikipunguza unapungua. Nikazima, nikaita gari la kuvuta.

Fundi aliposhusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, alichovya kidole kwenye oili iliyobaki, akanisogezea juani. Kidole kilikuwa kinameta. Chembe ndogo ndogo za chuma, kama mtu amepaka poda ya fedha. Kisha akatoa beringi ya konrodi: upande mmoja ngozi yake nyeupe imekwisha kabisa, shaba imetokeza, na ukingo umejikunja kama ganda la chungwa lililokaa juani siku mbili. Akasema, "Hii imekufa kwa kiu." Aliyeniuzia alikuwa amepandisha presha ya tabo bila kugusa kitu kingine chochote. Na mimi tangu siku niliyokabidhiwa ufunguo sikuwahi kuchomoa stiki ya oili hata mara moja. Niliamini gari lililoshinda jangwani na milimani haliwezi kushindwa na barabara ya Morogoro.

Tangu hapo nimekuwa nikiifuatilia habari hii, na msimamo wangu ni huu: ushindi una maana kwa mnunuzi pale tu ambapo gari lililoshindana na gari linalouzwa ni kitu kimoja. Kadiri yanavyoachana, ndivyo ushindi unavyokuwa sifa ya timu, mafundi wake na dereva, si sifa ya gari utakaloliegesha nyumbani.

Kuna wakati yalikuwa kitu kimoja. Safari Rally ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi waliokimbia mle walikuwa na magari yanayofanana sana na ya dukani. Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1966 na 1967 iliendeshwa na Bert Shankland, mkazi wa hapa kwetu Tanzania. 504 ikashinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson. Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo PV544, halafu 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mara tano, zote kwa Datsun. Aliyeiona 404 ikimaliza Safari, kisha akaenda kununua 404, alinunua kitu alichokiona kwa macho yake. Na kweli Peugeot zile zilibeba abiria na mizigo huku kwetu miaka na miaka.

Miaka ya themanini mwishoni na tisini bado kulikuwa na uhusiano, kwa sababu sheria za Kundi A, daraja la magari ya rali la wakati ule, zilimtaka mtengenezaji auze maelfu ya magari ya aina hiyo ndipo aruhusiwe kushindana. Celica GT-Four, Lancer Evolution na Impreza ya tabo tunazipenda leo kwa sababu ya sheria hiyo. Lakini 1997 ukaja utaratibu mpya wa magari ya WRC, yaani ya ubingwa wa dunia wa rali, mtu anachukua gari la kawaida na kulibadilisha kwa kiwango kikubwa bila kulazimika kuuza toleo maalumu. Impreza aliyoshinda nayo Colin McRae Safari ya 1997 ilikuwa ya milango miwili, imejengwa na Prodrive kule Banbury, Uingereza. Ile ya kwenye tangazo la kijana wetu ina milango minne na imetoka kwenye mnada wa Japani.

Tuje leo. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia, Toyota iliishinda kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2025, na madereva ni hawa: 2021 Ogier, 2022 Rovanperä, 2023 Ogier, 2024 Rovanperä, 2025 Elfyn Evans. 2022 na 2023 walichukua nafasi nne zote za juu. Ni kazi kubwa na naiheshimu. Lakini tangu 2022 magari ya daraja lile yanajengwa juu ya fremu ya mabomba, na injini yake ni ya silinda nne iliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano tu. GR Yaris unayoweza kuinunua ina silinda tatu. Inaweza kuwa gari zuri sana, ila uzuri wake hukuuona Naivasha, huko Kenya Safari inakokimbiwa.

Karibuni. Nataka kusikia na wanaopinga.

#2 Mdau wa Nakuru

Kaka, salamu kutoka huku. Nimekusoma hadi mwisho na nusu yake nakubali, nusu nakataa.

Umezungumza kana kwamba rali ni WRC pekee. Mimi naishi karibu na Naivasha, na kila mwaka nyuma ya hao wakubwa wa Toyota na Hyundai kuna madereva wa nyumbani, wengine wana Evo (Lancer Evolution) na Impreza. Hayo si ya fremu ya mabomba. Ni bodi la kiwandani, na injini ni ile ile familia. Yanapita Kedong, hapa hapa karibu na Naivasha, kwenye vumbi jepesi kama unga, linaloficha mawe na kuingia kila tundu. Mvua ikinyesha, vumbi lile lile linakuwa tope la kunata. Gari likimaliza siku tatu pale, usiniambie halijanifundisha chochote kuhusu bodi, shokapu na difu zake.

Pili, na hii ndiyo hoja yangu kubwa, ushindi huzaa mafundi. Kwa nini Nairobi ukiwa na Subaru hukosi mtu wa kuifungua? Kwa sababu kizazi kizima cha vijana kilimwona McRae 1997 na Richard Burns 2000 wakishinda Safari kwa Subaru, wakazipenda, wakazinunua, wakajifunza kuzitengeneza. Leo spea zipo, mapya na ya kuchinja. Nenda utafute fundi wa gari la kasi ambalo halijawahi kupendwa huku, uone utakavyozunguka. Gari la kutegemea ni lile ambalo likiharibika Ijumaa, Jumatatu liko barabarani.

#3 Mwanzisha uzi

Mdau, hoja ya mafundi imeniingia. Sikuwa nimeifikiria hivyo na naikubali bila kusitasita. Kombe halikai ndani ya injini, lakini linakaa mtaani, kwa watu wanaoijua injini hiyo.

Kuhusu magari ya nyumbani, nakubali kwa bodi, bushi na shokapu. Kwa injini nina neno. Timu ya rali inafungua injini yake baada ya idadi fulani ya mashindano, inabadilisha beringi kabla hazijachoka, oili inamwagwa kila tukio, na kuna mtu kazi yake ni kutazama vipimo. Injini ya lile gari la kwenye tangazo imefunguliwa lini? Oili ilibadilishwa na nani? Injini inayotunzwa kila wiki ikidumu, imethibitisha matunzo pia.

Na nitoe mifano miwili ya nje. Lancia ilichukua ubingwa wa watengenezaji mara sita mfululizo, 1987 hadi 1992, na Delta ilishinda Safari 1988, 1989 na 1991. Hakuna kampuni iliyokuwa na rekodi kama ile. Lakini Delta Integrale haikuwahi kuwa na sifa ya gari lisilosumbua. Wanaozitunza huko Ulaya wanazitunza kwa mapenzi na kwa pesa. Mfano wa pili ni Mazda. Juni 1991 gari lao 787B, injini ya rota nne (vipande vya pembe tatu vinavyozunguka badala ya pistoni), lilishinda mbio za Le Mans, saa 24 mfululizo, kampuni ya kwanza ya Japani kufanya hivyo. Ukitafuta ushahidi wa uimara duniani, huo ndio mkubwa kuliko wote. Halafu RX-8 ikaja 2003 na injini ya rota mbili, na ndiyo gari lililowatesa watu kwa kula oili, kukataa kuwaka na kuchoka kwa sili za rota. Marekani kampuni yenyewe ilibidi iongeze dhamana ya injini hadi miaka 8. Teknolojia ni ile ile, jina ni lile lile. Ila ile ya Le Mans ilikuwa inaunguruma kwa saa nyingi ikiwa na joto lake sahihi, haizimwi ikiwa baridi. Ya mtaani inawashwa asubuhi kuisogeza mita kumi, inazimwa ikiwa baridi, inapelekwa sokoni, inakaa foleni. Rota inachukia maisha hayo.

#4 Fundi (Ilala)

Wakuu, mimi ni mtu wa gereji, naomba niseme ya mezani kwangu.

Evo kuanzia ya kwanza hadi ya tisa zina 4G63, bloku ya chuma cha kumimina. Bloku ile ni ngumu, inavumilia presha. Kinachoua wengi ni mkanda mdogo wa mashafti ya kusawazisha mtetemo. Watu wanabadilisha taiming belti kubwa, ule mdogo wanauacha kwa kubana matumizi. Ukikatika unaingia kwenye mkanda mkubwa, na hapo valvu zinakutana na pistoni. Spea ya bei ndogo inaua injini ya bei kubwa. Nimefungua za hivyo na inauma kuona.

Evo ya kumi injini ni nyingine, 4B11, bloku ya alumini, inatumia cheni. Ile pampu ya mfumo wa difu ya nyuma imekaa nyuma ya tairi, inapigwa maji na matope mpaka inaoza. Mteja anaona taa kwenye dashibodi, anaambiwa bei ya pampu, anakaa chini.

Subaru za Japani za STI nyingi ni lita 2.0. Ile iitwayo A-Line, ya otomatiki, ni lita 2.5. Mfahamu hilo kabla ya kununua. 2.5 ya tabo pistoni zake hazipendi kunoki kabisa, yaani petroli kulipuka vibaya ndani ya silinda. Ikinoki mara kwa mara, kipande kinachoshikilia ringi kinapasuka, na mara nyingi inaanza silinda ya nne. Na hizo 2.0 za Japani zilipangwa kwa petroli ya okteni 100. Hiyo ya kituo cha jirani haifiki huko. Gari halikwambii siku hiyo hiyo. Linakaa mwaka, linakwenda vizuri, kisha siku moja linaanza kutoa moshi wa bluu.

Nikiletewa gari la namna hii nilikague, sitaki kusikia habari za rali. Napima kompresheni (mgandamizo wa hewa) silinda zote nne, injini ikiwa ya moto. Natazama zinavyolingana kuliko zinavyosoma. Nachomoa plagi, nasoma rangi. Namwaga oili kidogo kwenye karatasi nyeupe, naipeleka juani, kama fundi wako alivyokufanyia mkuu. Halafu nauliza swali moja: presha ya tabo imeguswa? Akisita, nafunga boneti.

#5 Mzee wa Korogwe

Wanangu, nawafuatilia kimya kimya. Mmemtaja Shankland, ikabidi niandike.

Nilikuwa mtoto magari yale yalipokuwa yanapita kwetu. Tulikuwa tunaamka alfajiri, tunakaa kwenye tuta. Linatangulia vumbi, halafu taa, halafu sauti. 404 ilipotupita niliona kitu ambacho sijakisahau: tairi la nyuma lilidondoka kwenye korongo, bodi halikutikisika. Tairi lilishuka na kupanda peke yake, kama mguu wa punda, na watu waliokuwa ndani walikaa kama wamekaa barazani. Baba yangu alikuwa kando yangu. Miaka kadhaa baadaye alinunua 404 iliyotumika, akabeba katani na watu kwa gari hilo hadi nikaenda jeshini. Shimo lile lile la njiani gari letu lililipita vile vile. Kwa hiyo mwanzisha uzi, maneno yako ya kitu kimoja ni ya kweli. Nimeyaona yote mawili.

Nyongeza ndogo. Zama zile dereva alitengeneza gari lake njiani, kwa spana na waya. Hapo ndipo ulipojua gari lipi linatengenezeka. Baadaye Safari ilikuja na helikopta juu, na kundi la mafundi wanashusha gia boksi nzima na kupandisha nyingine. Nilifurahia kutazama, lakini hapo niliacha kuhesabu ushindi kama habari ya gari.

#6 Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee. Asante sana. Huo mguu wa punda umenieleza springi za Peugeot kuliko kitabu chochote.

#7 Mama wawili (Dodoma)

Habari zenu. Mimi nataka gari lenye nguvu ya kuvuka lori kwenye barabara ya Dodoma bila kuomba dua, na linipeleke ofisini kila siku bila simu za fundi. Mume wangu anasema Impreza ya tabo. Mimi moyo wangu uko kwenye Mark X. Haina kombe la rali ninalolijua. Nakosea?

#8 Mwanzisha uzi

Dada, hujakosea hata kidogo. Hiyo ina V6 isiyo na tabo, inasukuma tairi za nyuma, injini haibanwi. Gari lisilo na tabo lina vitu vichache vya kufa. Ile ya lita 2.5 angalia kaboni kwenye valvu za kuingiza hewa, maana petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haiziogeshi valvu. Fundi anaweza kuzisafisha. Ukilipata lenye historia nzuri, litakupeleka.

Na kuhusu kombe, tafakari hili. 1995 Toyota ilikamatwa kwenye rali ya Katalunya, Hispania, na kifaa cha kudanganya kwenye kizuizi cha hewa cha tabo ya Celica, ikafutiwa pointi na kufungiwa mwaka mzima. Ilikuwa aibu ya dunia. Huku kwetu, nani aliacha kununua Hilux au Corolla kwa sababu hiyo? Hakuna. Imani yetu kwa Toyota ilijengwa na mabasi madogo, pikapu na teksi, na majirani walioziendesha kilomita laki tatu. Huo ndio ushahidi ninaouamini zaidi, kwa sababu uko kwenye barabara zetu, mafuta yetu na mafundi wetu.

#9 Mdau wa Nakuru

Hapo kwa Toyota umenishika. Lakini kaka, usimnyime kijana Subaru yake. Kuna vitu moyo unataka. Mimi yangu ni 2.0, sijagusa presha, natia mafuta ya gharama zaidi pale yanapopatikana, oili kila kilomita 5,000, stiki naichomoa kila Jumapili asubuhi kabla ya kanisa. Tabo naiacha ipoe dakika moja nikifika. Mwaka wa tano huu. Na ndiyo, nililipenda kwa sababu ya Burns. Sioni aibu.

Kwa wapenda Evo, hili lisisahaulike: Mitsubishi ilibaki na gari la Kundi A hadi 2001, wakati wenzake wameshahamia magari ya WRC. Evo ambayo dereva wao Tommi Mäkinen alishinda nayo Safari mwaka ule iko karibu zaidi na ya dukani kuliko wapinzani wake wote. Kwa kipimo chako mwenyewe cha kitu kimoja, hilo lihesabiwe.

#10 Mwanzisha uzi

Nalihesabu, na kwa moyo mweupe. Ukinipa Evo ya sita na Impreza ya 1999, zote safi, zote hazijaguswa, na ukanitaka nitumie rali pekee kuamua, nitachukua Evo, kwa sababu hiyo uliyoitaja. Ila sitatumia rali pekee.

Na sitamnyima kijana. Anachotaka nakielewa. Hata mimi nikisikia ule mlio wa Subaru, pigo lisilolingana la mabomba ya egzosi yenye urefu tofauti, bado nageuka. Ninachotaka ni alinunue gari hilo akijua analinunua kwa mapenzi, halafu mapenzi hayo yamfanye achomoe stiki ya oili.

#11 Mwanzisha uzi (mrejesho)

Wakuu, leo asubuhi tumekwenda na kijana kuiangalia ile ya kwenye tangazo. Nilimchukua fundi na kipimo chake. Rangi nzuri, rimu za dhahabu, viti vimetunzwa. Muuzaji alikuwa mtu mstaarabu, hakukataa kupimwa.

Injini ikiwa ya moto: silinda ya kwanza psi 150, ya pili 148, ya tatu 150, ya nne 110.

Fundi akarudia ya nne mara mbili, akatia oili kidogo ndani, ikapanda. Akamwangalia kijana, akamwambia ringi au pistoni, hapa hapana. Kijana akaomba ashike kile kipimo mwenyewe, akakiangalia muda mrefu. Njiani kurudi hakuzungumzia ubingwa. Aliniuliza kipimo kama kile kinauzwa wapi.

Jumamosi tunaangalia nyingine, iko Tegeta, 2.0, mwenye gari anasema ana risiti zote za oili.